Fimbo Ambayo Sikuitengeneza

Atupele mwanangu,

Umeenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na baba yako yuko stendi ya Mbalizi anaulizia basi la kesho asubuhi. Nyumba imetulia. Nimesogeza gundi na vipande vya maboksi pembeni ya meza nipate pa kuweka karatasi. Mambo ya ndoo, shuka, chandarua na nani wa kumpigia ukifika Iringa, baba yako ameshakuandikia mstari kwa mstari, mimi sina cha kuongeza. Mgongo unaniuma tangu juzi na macho yangu si yale uliyoyazoea, kwa hiyo univumilie mwandiko ukianza kuteleza.

Nina jambo moja la kukuambia.

Jumamosi iliyopita ulipokuwa unatafuta begi chini ya kitanda changu ulivuta kisanduku kilichofungwa kwa gazeti. Ulikifungua, ukakuta kijumba cha udongo chenye paa la nyasi, na watu wanne wamesimama mbele ya mlango, hakuna aliyezidi urefu wa njiti ya kiberiti. Babu yako na bibi yako wa Idodi uliwajua, maana umeniona nikiwatengeneza mara nyingi. Mimi nilipokuwa mdogo ulinijua pia, ukacheka. Halafu ukanyoosha kidole kwa msichana wa mwisho, aliyesimama wima kama askari, ukaniuliza, "Mama, na huyu ni nani?"

Nikakujibu, "Jirani tu."

Ukakifunga, ukaendelea na begi lako. Mimi nilibaki nimekaa pale kitandani nikijiuliza ni kitu gani kilichonituma kusema vile, mtu mzima kama mimi, mwalimu mstaafu.

Huyo si jirani. Huyo ni mama yako mkubwa Veronika, dada yangu wa pekee. Hukumtambua kwa sababu hana fimbo, na fimbo hana kwa sababu sikumpa. Sasa unakwenda kusomea uuguzi Tosamaganga, na yeye yuko hapohapo Idodi, atakuja kukuona kabla hata hujazoea kitanda chako. Sitaki ukae naye, umpokee, ule chakula chake, huku hujui mama yako alimtendea nini.

Ngoja nianze na picha yenyewe.

Tulipomaliza matanga ya babu yako, dada alibaki na nyumba, maana ndiye aliyekuwa akiishi humo na kumuuguza. Mimi niliomba picha moja tu iliyokuwa imebanwa nyuma ya kioo cha ukutani. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haizidi kiganja, kingo zake zina meno kama msumeno. Aliipiga mpiga picha mmoja wa Iringa aliyekuwa akizunguka vijijini na pikipiki. Babu amevua kofia ameishika tumboni. Bibi ana ungo. Dada, wakati huo wa miaka kumi na miwili hivi, ameegemea fimbo, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulinyauka kwa polio akiwa mtoto mchanga. Mimi nina miaka minne, nimejibana kwenye sketi yake.

Wewe ulizaliwa ukanikuta natengeneza vitu vya maboksi, ukadhani kila mama anafanya hivyo. Mwanzoni vilikuwa zana za kufundishia tu. Volkano ya magazeti, mto Ruaha wa rangi ya bluu, boma la ng'ombe. Niliviunganisha usiku kucha na asubuhi darasa linatazama dirishani. Ile picha ndiyo iliyonifundisha kazi. Kabla yake nilikuwa natengeneza nyumba, nyumba yoyote. Baada yake nilitaka ile nyumba, siku ile, saa ile, jua likiwa upande ule.

Nilikaa nayo wiki nzima bila kugusa mkasi. Nilianza na kipimo. Nilikumbuka kwamba babu yako akiingia ndani alikuwa anainama kidogo, kizingiti kinamfika kwenye paji la uso. Basi kwa babu nikaupata mlango, kwa mlango nikaupata ukuta, kwa ukuta nikakipata kihenge cha mahindi kilichoko kando yake. Kivuli cha kihenge kilikuwa kifupi na kimelala upande wa mlango, nikajua ilikuwa karibu na mchana, na ndiyo maana wote tumekunja uso. Kushoto kabisa palikuwa na kitu kama moshi uliomwagika chini. Nilihangaika nacho siku tatu. Nilidhani ni uchafu wa karatasi. Siku ya nne nikaelewa kuwa ni kuku. Alikuwa anapita wakati sisi tumekaza miili, na kamera ya siku zile haikuweza kumkamata. Nilifurahi peke yangu hapa jikoni kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Unaikumbuka furaha hiyo, ulikuwa kidato cha kwanza, wewe ndiye uliyenikaushia majani ya chai yaliyokwisha kutumika tukayapaka gundi yakawa udongo wa uani, kabla sijaweka watu.

Hapo ndipo watu wa Mbalizi walipoanza kuniletea picha zao. Duka la kijiji, kanisa la zamani kabla ya bati, harusi ya mtu kwenye trela la trekta. Nikawa nawaambia wote kwamba picha ya zamani inataka subira, uitazame mpaka ikuonyeshe ambacho hukukitafuta. Nilikuwa nalisema hilo kwa kujiamini kabisa, na wakati huohuo kwenye kisanduku changu mwenyewe nilikuwa nimeshadanganya.

Kwa sababu nilipofika kwa dada, mkono ulikataa. Nilikuwa nimeshakunja waya wa mwili wake, nimeuzungushia tishu na gundi, nimempaka rangi ya nguo. Ilibaki fimbo, kijiti kimoja cha ufagio, kazi ya dakika moja. Nikajiambia kijiti kitakatika njiani. Nikajiambia kwa kipimo kile hakitaonekana. Halafu nikaunyoosha na ule mguu wa kushoto, nikaufanya mnene sawa na wa kulia. Nilipomsimamisha pale mlangoni, mzuri, wima, nilijiona nimemtendea wema.

Nilikipeleka Idodi kwenye misa ya mwaka mmoja wa babu. Baada ya watu kula na kuondoka, nilikiweka mbele ya dada kwenye mkeka. Alikitazama muda mrefu. Alimgusa babu kofia. Alimgusa kuku, akatabasamu. Kisha akauliza, kama wewe vilevile, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, dada."

"Mimi?" Alikisogeza kisanduku kwenye mwanga. "Fimbo yangu iko wapi?"

"Nilidhani ingependeza zaidi hivyo."

"Umeniponya, Filo," akasema. "Umeniponya bila kuniuliza." Alikirudisha kwangu taratibu, bila kukisukuma. "Na hii ni mara ya pili unanikana."

Akachukua fimbo yake, akainuka, akaenda kuosha vyombo. Nilifunga kisanduku kwenye gazeti na kesho yake nikarudi nacho Mbalizi. Ndicho ulichokiona.

Mara ya kwanza ilikuwa hivi. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, mbali na nyumbani. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kufika sekondari. Dada hakusoma zaidi ya darasa la nne, kwa sababu shule ya kijiji ilihama ng'ambo ya mto na mguu wake haukuweza. Katika bweni letu walikuwepo wasichana waliokuwa na baba zao maofisini, walikuwa na viatu vya kubadilisha. Nilijifunza haraka kusema "kwetu Iringa" badala ya kusema Idodi.

Siku moja ya mapumziko tulikuwa tumekaa vitandani tunasukana. Rafiki mmoja akachungulia nje, akasema, "Jamani, yule kilema pale anamtafuta nani?"

Nilichungulia. Alikuwa dada. Alipanda lori la mpunga kutoka Idodi mpaka mjini, na kutoka mjini alitembea. Miguu yote miwili ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Ameshika fimbo mkono mmoja na bakuli lililofungwa kitambaa mkono mwingine. Alikuwa ameshafika karibu na ukuta wa bweni, anasoma majina yaliyoandikwa milangoni kwa ile elimu yake ya darasa la nne.

"Ni msichana wa kazi wa nyumbani," nikasema. "Mama amemtuma."

Sikusema kwa sauti kubwa. Lakini sikunong'ona pia.

Nilipotoka alikuwa amesimama pembeni ya dirisha. Alinitazama usoni. Akanisalimia, "Kamwene, Filo." Nikaitikia. Akasema anapita tu, lori linamsubiri, mama anasalimia. Akageuka na bakuli lake mkononi, akaondoka. Sikumwita. Nilisimama pale nikimtazama anavyokwenda, na Atupele, nilishusha pumzi. Niliona afadhali. Wanafunzi wangu wamenikosea adabu, nami nimewakosea wengine, mengi nimeyasahau. Ile pumzi sijaisahau. Imenichosha kuliko miaka yote ya kusimama ubaoni.

Tuliishi baada ya hapo kama ndugu wanavyoishi. Alikuja kwenye harusi yangu. Alikubeba mgongoni ulipokuwa mchanga, huku ameegemea fimbo, nami nikiogopa mtaanguka wote wawili. Hakutaja hata mara moja. Nami nikachukulia kwamba hakusikia. Ukitaka kujua mtu anavyojidanganya, ni hivyo. Nilikuwa najua dirisha lilikuwa wazi, na nilikuwa najua alisimama wapi, na bado kwa miaka yote hiyo nilichukulia kwamba hakusikia.

Baada ya ile safari ya kisanduku nilikaa karibu mwaka bila kutengeneza kitu. Uliniuliza, nikakuambia ni macho. Picha za watu zilijaa kwenye droo. Nikawa nashinda kwenye kiti tu, nimechoka kabla sijafanya lolote.

Kilichonitoa pale ni simu yangu ya mkononi. Ulikuwa umeniwekea programu ya kukuza maandishi nisiumize macho. Siku moja, bila nia yoyote, niliipiga ile picha ya Idodi kwa simu nikaivuta kwa vidole viwili. Nilikuwa natafuta fimbo, nijue ilikuwa nene kiasi gani. Niliifuata kutoka chini. Ncha iko kwenye udongo. Inapanda, inapita pindo la sketi ya dada. Juu pale mkono wake umeishika. Chini ya mkono wake palikuwa na uvimbe kwenye mti, kama fundo. Nilidhani ni fundo la mti. Nikavuta zaidi.

Vilikuwa vidole. Vidole vinne vya mtoto. Vilikuwa vyangu.

Miaka yote nilidhani nimeshika sketi. Nilikuwa nimeshika fimbo, Atupele. Nilikuwa nimeishika pamoja naye, kwa nguvu, unaona hata kwenye picha ya zamani kiasi kile jinsi vifundo vya vidole vilivyokaza.

Nililia, kisha nikachoka kulia, nikachukua mkasi. Sikutaka kurekebisha kile cha kwanza. Nilianza kipya, kuta mpya, paa jipya. Mguu wa kushoto niliufanya mwembamba kama ulivyo, na bega la kulia nikalipandisha, kwa sababu mtu anayeegemea fimbo bega lake hupanda, na hilo lilikuwepo kwenye picha tangu mwanzo, mimi ndiye niliyelipita. Mkono wangu mdogo ulinichukua siku tisa. Waya ulikuwa unakatika. Mara mbili nilikunja vidole vikaonekana kama vinaiba.

Nilikwenda Idodi peke yangu. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Nilimkuta dada uani anapukuchua mahindi. Niliweka kisanduku chini mbele yake.

Akakitazama. "Sasa huyu ni mimi," akasema. Akainama zaidi. "Na hiki kimkono?"

"Changu."

"Eeh." Alicheka kidogo, kwa pua. "Ulikuwa kama kupe wewe. Ulikuwa umeshajua kutembea, lakini hukutaka kuiachia. Nikiipeleka fimbo mbele, nawe unapeleka mguu. Mama alikuwa anatugombeza, anasema mtavunja."

"Dada," nikasema, "siku ile shuleni."

"Nilisikia."

"Najua ulisikia."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaangukia kwenye ungo. "Unajua yule kuku nilimpeleka wapi?" akauliza.

"Kuku gani?"

"Kwenye bakuli. Mama alikuchinjia jogoo, akamkaanga. Nilipofika darajani nikakaa chini nikamla. Mzima. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na njaa pia, sitakuficha. Nikashiba mpaka nikaona aibu. Nyumbani nikamwambia mama kwamba umekula na wenzako, mmemsifia sana." Alitupa gunzi pembeni. "Mama alifurahi. Mpaka anakufa alikuwa anawasimulia watu jinsi mabinti wa sekondari walivyosifia kuku wake. Nami niko pale, naitikia."

Nilipiga magoti pale kwenye maganda, nikamwomba anisamehe, kwa Kihehe, kwa sababu Kiswahili kilinikimbia.

"Sijui, Filo," akasema. "Nimechoka kukukasirikia, hilo najua. Kuchoka na kusamehe sijui kama ni kitu kimoja. Leo ninacho hicho tu." Kisha akanisogezea rundo la mahindi. "Shika, pukuchua. Jua linakwenda."

Nikapukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Hatukuzungumza tena jambo hilo. Kisanduku kipya alikiweka juu ya kabati, chini ya kioo kilichokuwa na ile picha. Tangu siku hiyo ananipigia simu kila Jumapili baada ya misa, na wewe umekuwa ukilalamika kwamba tunaongea mno.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini lile neno "jirani" limenitesa wiki hii. Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeomba msamaha, nimetengeneza fimbo, nimepata malengelenge. Halafu mtoto wangu mwenyewe ananiuliza swali dogo, na mdomo unatoa jibu lilelile kabla sijafikiri. Aibu yangu siku hizi siyo juu ya mguu wa dada. Nilikuwa naona aibu wewe kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Sikuandikii haya ili nikufundishe. Umefundishwa vya kutosha na kazi yenyewe itakufundisha. Lakini utakaa wodini na watu wengi, na najua macho yako yalivyo, yamefanana na yangu, yanapenda kunyoosha vitu. Mtu akiwa amelala pale mbele yako amepinda, mtazame kwanza alivyopinda. Mimi ilinichukua maisha karibu yote kumtazama dada yangu, na hata hivyo ilibidi nisaidiwe na simu.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilimpigia dada. Ilikuwa siyo Jumapili, akashtuka akadhani kuna msiba. Nikamweleza nilivyokujibu kuhusu yule wa kisandukuni.

Akasema, "Mwambie mtoto mwenyewe. Usiniachie mimi kazi hiyo."

Nikasema nitakuandikia, maana mbele ya uso wako nitababaika.

"Andika basi. Na mwambie nitakwenda kumwona Jumapili ya kwanza."

Nikamwuliza, "Naweza kuja twende wote?" Nilikuwa sijapanga kuuliza. Kutoka hapa mpaka kule ni siku nzima kwenye basi, na mwili wangu unaujua mwenyewe.

Nikawa nasikia mbuzi wake wanalia. Halafu akasema, "Njoo. Lakini siku hizi natembea polepole kuliko zamani. Sitaki mtu wa kunitangulia."

Nimemwambia sitamtangulia.

Basi Jumapili hiyo, ukiona wageni wa wenzako wameshafika na sisi hatujatokea, usiingiwe na wasiwasi. Kutoka barabarani mpaka langoni kwenu kuna mlima, naukumbuka. Simama pale nje na wenzako. Tutakuwa njiani.

Mimi mama yako,
Filomena